Nyumba ya Kukodi Yenye Bwawa la Kuogelea: Hakikisha Kabla Hujatuma Dipoziti

Picha ya bwawa la kuogelea huuza nyumba haraka kuliko maneno yoyote. Tuseme uko Nairobi, umepata kazi Mombasa, na kwenye simu unaona nyumba ya vyumba viwili kule Nyali: maji ya buluu, minazi, na bei nafuu ajabu. Wakala anakwambia, "Kuna wengine wawili wanaitaka. Tuma dipoziti leo nikuwekee."

Hapo ndipo pesa za wengi hupotelea. Sisi tunaweza kufikisha pesa kwenye nambari uliyoandika, lakini mfumo wetu haujui kama nyumba ipo kweli. Hilo ni lako kuhakikisha, na si kazi ngumu.

Fika kwanza, lipa baadaye

Usilipe dipoziti ya nyumba ambayo hujaiona. Kama huwezi kusafiri, mwombe ndugu au rafiki aliye karibu aende. Akifika, aulize mlinzi wa getini na majirani: mwenye nyumba ni nani? Hiyo nyumba iko wazi kweli?

Kuiona tu hakutoshi. Kuna matapeli wanaokodi nyumba yenye fanicha kwa siku mbili tatu, kisha wanaizungusha kwa wateja kama yao. Ndiyo maana neno la majirani lina uzito kuliko funguo zilizo mkononi mwa wakala. Isitoshe, sheria ya Kenya inawataka mawakala wa nyumba wasajiliwe, kwa hivyo mwombe nambari yake ya usajili bila haya.

Uliza bwawa linagharimu nini

Bwawa si la bure. Kuna dawa ya maji, umeme wa pampu na mshahara wa anayelisafisha. Mara nyingi gharama hizo huingizwa kwenye ada ya huduma ya kila mwezi, pamoja na ulinzi na taka.

Piga hesabu hivi: kodi ikiwa 45,000, dipoziti 45,000 na ada ya huduma 6,000, siku ya kuingia unahitaji 96,000. Baada ya hapo ni 51,000 kila mwezi, si 45,000 uliyoona kwenye tangazo.

Ukifika, angalia maji yenyewe. Kama huoni sakafu upande wenye kina, bwawa halitunzwi na si salama kuogelea. Uliza pia kama lina uzio, hasa ukiwa na watoto.

Soma jina kabla ya kuweka PIN

Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo si pambo. Lisome, kisha ulilinganishe na jina lililo kwenye mkataba. Ukiambiwa, "Tuma kwa shemeji yangu, laini yangu ina shida," simama hapo hapo. Nambari ya Paybill au Till ya kampuni ya nyumba ni bora kuliko nambari ya mtu binafsi, lakini hata hiyo isome jina.

Saini mkataba kwanza, kisha ulipe, na udai risiti papo hapo. Ujumbe wa malipo usiufute. Msimbo wake ndio ushahidi wako siku utakapohama na kudai dipoziti yako.

Ukishtuka umetapeliwa

Tupigie simu mara moja. Kurudisha pesa kunawezekana zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyepokea. Akishazitoa, hakuna salio la kurudisha, na tapeli huzitoa ndani ya dakika chache. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe ripoti na upewe nambari ya OB. Beba ule ujumbe wa malipo na mazungumzo yenu yote.

Wakala wa kweli hatakasirika ukimwambia, "Nitalipa nikishaiona nyumba na kusaini." Akikuharakisha, mwache aende na hao wengine wawili. Nyumba zenye bwawa ziko nyingi Nyali, Bamburi hadi Shanzu, lakini dipoziti ya kutafuta nyumba unayo moja tu.