Anza na Rejeta, Rangi Baadaye

Mtu akiamua kuifufua Land Rover ya baba yake, wazo la kwanza huwa rangi. Hapa Galbet, kama ilivyo kote Garissa, rangi ndiyo kazi ya mwisho. Gari la zamani huku haliuawi sana na kutu. Linauawa na joto, vumbi na maji mabaya. Fundi anayeanza kwingine anampotezea mwenye gari pesa zake.

Wasomaji huniuliza kuhusu yale magari makubwa ya Marekani ya miaka ya 1950. Hapa Kenya ni adimu. Mengi yana usukani wa kushoto, ambao kanuni zetu hazikubali kwa gari la kawaida, na gari lililopita miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini. Lakini Land Rover yenyewe ina asili ya Kimarekani. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia Jeep ya jeshi shambani kwake Anglesey, na gari la majaribio la mwaka 1947 lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep. Mwaka uliofuata Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam. Toleo la Series III, lililoanza 1971 na kuendelea hadi 1985, ndilo ninalolizungumzia hapa, na hasa lile la injini ya petroli ya cc 2286.

Bodi yake ni aloi ya alumini, chasisi ni chuma. Lamu au Mombasa, hewa ya chumvi huila chasisi kutoka ndani huku bodi ikionekana nzima. Ukavu wa Garissa umetuhurumia. Hata hivyo lala chini ya gari, ugonge chasisi kwa nyundo ndogo, hasa pale springi zinaposhikia. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti butu, na pengine nyundo ikazama. Palipooza pakatwe na kuchomelewa chuma kipya, pasizibwe kwa fila.

Sasa rejeta. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na ya mto Tana yana tope. Ukiyamimina miaka na miaka, magadi na matope hujenga ukuta ndani ya mirija, na joto linakosa pa kutokea. Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Endesha gari mpaka lipate moto, lizime, kisha pitisha kiganja polepole mbele ya rejeta bila kuigusa. Mahali penye ubaridi ni mirija iliyoziba. Uzuri wa rejeta hizi za shaba ni kwamba zinafunguka: fundi anayeyusha risasi, anavua tangi la juu, anazibua mrija mmoja mmoja kwa ufito mwembamba, kisha anafunga tena. Za kisasa zenye tangi la plastiki hutupwa tu. Usimruhusu mtu akubadilishie ya shaba kabla haijafunguliwa.

Kifuniko chake watu hukidharau. Cha pauni 9 kinayafanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 114, badala ya 100. Mpira wake ukikakamaa, mgandamizo unavuja na gari linachemsha mchana wa Machi hata kama rejeta ni safi. Nunua kipya. Thamostati nayo wengi huing'oa wakidhani wanaipoza injini. Katika injini hizi, thamostati sahihi ikifunguka huziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Irudishe. Jaza maji ya mvua au yaliyochujwa chumvi, pamoja na dawa ya kupozea, na usiongeze ya bomba isipokuwa umekwama njiani.

Vumbi linafuata. Chujio la hewa la Land Rover hizi lina bakuli la oili. Hewa hupita juu ya oili na vumbi linanaswa. Barabara ya vumbi ikiwa ndiyo maisha ya gari lako, fungua bakuli kila wiki. Chovya vidole, uvisugue. Ukisikia mchanga, mwaga oili, osha bakuli kwa petroli, jaza mpya hadi kwenye alama. Mchanga ukipita hapo unakwangua silinda, na kazi hiyo itakupeleka Grogan, Nairobi, kutafuta pistoni na ringi.

Breki, klachi na nyaya za umeme zifanywe kama kwa gari lolote, ila mipira yote ibadilishwe, hata inayoonekana mizima, kwa sababu joto huikausha.

Kama hedi ya injini ilifunguliwa katika kazi hii, safari ya majaribio iwe fupi: vuka daraja la Tana hadi Madogo na urudi, jicho likiwa kwenye geji ya joto. Acha injini ipoe kabisa. Kisha bolti za hedi zikazwe upya kwa kufuata mpangilio wa kitabu, ukianzia katikati, na valvu zipimwe tena kwa nafasi ya milimita 0.25. Baada ya hapo tafuta mpiga rangi.