Ulcinj: Mji wa Waislamu Katika Pwani ya Adriatiki

Kila kiangazi cha Ulaya, tangu Juni hadi Agosti, pwani ya bahari ya Adriatiki hujaa wageni. Wengi huenda Dubrovnik kutazama kuta za kale, na wengine hupanda meli kwenda visiwa vya Hvar na Korčula. Ni wachache wanaojua kwamba kusini ya pwani hiyo hiyo, karibu na mpaka wa Albania, uko mji wa Waislamu wenye sifa kubwa ya ubaharia. Mji huo ni Ulcinj, katika nchi ya Montenegro.

Msafiri akitoka Dubrovnik kwa basi huvuka mpaka wa Kroatia na kufika ghuba ya Kotor, ambako milima imesimama majini kama ukuta. Humo, mbele ya mji wa Perast, kipo kisiwa kilichofanywa kwa mikono ya watu. Mabaharia walitupa mawe na kuzamisha vyombo vikuukuu hata kisiwa kikazuka, kisha wakajenga kanisa juu yake. Safari huendelea kupitia Budva na Bar, na sasa minara ya misikiti huanza kuonekana.

Ulcinj yenyewe ni mji mdogo uliopanda mlimani. Waturuki waliuteka kutoka kwa Wavenisi mwaka 1571, na wakazi wake wengi hata leo ni Waalbania Waislamu. Chini, kando ya ufuko, upo Msikiti wa Mabaharia. Ule wa zamani ulibomolewa mwaka 1931, na huu wa sasa ukajengwa pale pale na kufunguliwa mwaka 2012. Jioni za kiangazi, jua likizama, adhana husikika hapo huku watoto wangali majini na mikahawa imejaa watu.

Kuelekea Albania upo ufuko wa mchanga wa karibu kilomita 12, na mwisho wake ni kisiwa cha Ada, kwenye mlango wa mto Bojana. Husemekana kwamba mwaka 1858 merikebu iitwayo Merito ilizama hapo, mchanga wa mto ukajikusanya juu yake mwaka baada ya mwaka, hata kikawa kisiwa. Wavuvi wa mto huo wana vibanda vya mbao juu ya nguzo, na nyavu kubwa wanazozishusha majini na kuziinua.

UWANJA WA WATUMWA

Lakini, ndugu msomaji, si yote ya Ulcinj ni ya kufurahisha. Ndani ya ngome ya kale, mbele ya kanisa lililogeuzwa msikiti na ambalo sasa ni makumbusho, kipo kiwanja kidogo. Wenyeji hukiita Uwanja wa Watumwa. Mabaharia wa Ulcinj walikuwa pia maharamia. Waliteka watu baharini, na katika safari zao za Tripoli, huko Libya, walirudi na Waafrika weusi waliotolewa mbali, kusini ya jangwa la Sahara.

Waafrika hao walitumikishwa majumbani, mashambani na vyomboni. Walisilimu, wakasema Kialbania, na walipopata uhuru wakabaki, wengine wakiishi kwa ubaharia. Mmoja wa wazao wao, Rizo Šurla, alikuwa mpiga picha mashuhuri wa mji huo katika karne ya 20. Leo waliosalia ni wachache sana, kwani wengi wamehama au wameoana na wenyeji hata rangi ikapotea.

Je, tuyanyamazie haya kwa kuwa waliofanya ni Waislamu wenzetu? La. Dini yetu imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada kubwa, na sisi watu wa pwani twajua kwamba biashara hiyo ilifanywa kwetu pia. Ajuaye maumivu ya jambo hana haki ya kulifunika.

Basi atakayejaliwa kufika Ulcinj, na aoge baharini na kula samaki wake. Kisha apande ngomeni asimame kidogo katika uwanja ule. Adhana ikimkuta hapo, akumbuke kwamba muadhini wa kwanza wa Uislamu, Bilal, alikuwa mtu mweusi aliyetolewa utumwani.