Onja Kwanza: Umeme wa Neva na Maumivu Yasiyoisha

Upasuaji hauonjwi. Ukishakatwa umekatwa, na maumivu yakibaki palepale hakuna wa kukurudishia kilichoondolewa. Vidonge navyo vina ukaidi wao: amitriptilini au gabapentini hutaka wiki kadhaa za kupandisha dozi kidogo kidogo kabla hujajua kama inakufaa, na wiki hizo zote unasinzia kazini huku mdomo umekauka. Mimi ni daktari wa usingizi, lakini wengi wanaonijia siku hizi hawatafuti usingizi wa upasuaji, wanatafuta nafuu ya maumivu. Kwao navutiwa na tiba moja ambayo mgonjwa anaweza kuionja kabla ya kuikubali: umeme mdogo unaopelekwa karibu na neva kwa waya mwembamba. Waya huingizwa kwa sindano na mgonjwa huenda nao nyumbani kwa siku chache. Usipofaa unavutwa, kinabandikwa kipande cha plasta, basi.

Kuonja huko nako kuna hila zake, na ndizo nitakazozungumzia zaidi, maana watu wengi husikia habari za kifaa na kusahau kuuliza jaribio lilifanywaje.

Tuanze na anayefaa. Maumivu tunayaita sugu yakipita miezi mitatu, lakini si kila maumivu sugu yanaitika kwa umeme wa neva. Yanayoitika zaidi ni yale ambayo chanzo chake ni neva moja, au chache, zinazoweza kutajwa kwa jina. Chukua kijana wa bodaboda aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya ajali. Kigutu kimepona, mshono safi, mguu bandia umepimwa vizuri. Lakini ukibonyeza kwa kidole upande mmoja wa kigutu, sentimeta chache juu ya kovu, anaruka kitini. Neva iliyokatwa ilijaribu kuota upya, ikakosa njia, ikajiviringisha na kuwa kinundu chenye hasira. Usiku anasumbuliwa na jambo jingine: vidole vya mguu ambao haupo vinajikunja na kuwaka moto. Ndugu zake wanadhani amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa hata kidogo. Ubongo bado una ramani ya ule mguu, na neva zilizobaki zinaendelea kutuma habari mbaya.

Mtu kama huyo, au mwenye maumivu ya bega baada ya kiharusi, au ambaye neva yake iliumia wakati wa upasuaji, anaweza kufikiriwa. Anayeumwa mwili mzima, leo shingo, kesho kiuno, keshokutwa magoti, waya mmoja hautamsaidia, na ni vema aambiwe mapema.

Ndani ya neva moja mna nyuzi za aina mbalimbali. Nene, zinazobeba habari za mguso, husafirisha ujumbe kwa kasi ya kati ya mita 35 na 75 kwa sekunde. Nyembamba kabisa, zinazobeba yale maumivu ya kuchoma na kuwaka, hazizidi takriban mita mbili. Mwaka 1965 Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Kanada, na Patrick Wall, mtafiti Mwingereza, walichapisha nadharia yao ya lango: kwamba nyuzi nene zikichangamka, chembe za uti wa mgongo hupunguza kiasi cha maumivu kinachoruhusiwa kupanda ubongoni. Ndiyo sababu ukijigonga kidole unakisugua bila kufundishwa na mtu. Nyuzi nene pia huitika kwa umeme mdogo kuliko nyembamba, kwa hiyo mtaalamu anaweza kuziamsha hizo na kuziacha zile za maumivu zimelala. Nadharia hiyo imekosolewa na kurekebishwa mara nyingi tangu wakati ule, na leo tunajua ubongo wenyewe una sauti kubwa kuliko walivyodhani. Kwa kazi ya kliniki bado inatosha.

Wall hakuishia kwenye karatasi. Akishirikiana na William Sweet, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Boston, walijichoma sindano za umeme kwenye neva zao wenyewe za usoni, chini ya jicho, waone kitatokea nini. Kisha wakawajaribia wagonjwa wanane wenye maumivu makali ya muda mrefu. Umeme ulipandishwa polepole mpaka mgonjwa aseme anahisi kutekenywa mahali panapomuuma. Ulipokuwa ukipita, sehemu ambazo awali hazigusiki ziliweza kubonyezwa bila maumivu. Wanne kati yao, ambao neva zao zilikuwa na ugonjwa, walipata nafuu ya zaidi ya nusu saa kwa dakika mbili tu za umeme. Ripoti hiyo ilitoka mwaka 1967, na mpaka leo swali tunalomwuliza mgonjwa mezani ni lile lile: unahisi wapi?

Kabla ya kufika mezani, wengi wetu hufanya kipimo kimoja cha bei nafuu. Tunachoma ganzi, lidokaini kwa mfano, karibu na neva tunayoishuku. Maumivu yakitulia kwa saa ile ambayo ganzi inafanya kazi, tuna sababu ya kuendelea na neva hiyo. Yasipotulia, pengine tunamshtaki asiye na hatia. Kipimo hiki si hakimu wa mwisho, kwani ganzi huzima kila kitu na umeme hufanya kazi kwa njia nyingine, lakini kimewaepusha wagonjwa wengi na gharama za bure.

Siku ya jaribio mgonjwa hulala macho. Hatumlazi usingizi kwa sababu tunahitaji maneno yake. Ngozi inasafishwa, inatiwa ganzi kidogo, na kwa msaada wa altrasaundi tunaiona neva kwenye kioo: duara dogo lenye madoadoa, karibu na mshipa wa damu unaodunda. Sindano inasogezwa taratibu. Kwa vifaa vya aina moja waya haugusi neva kabisa, huachwa umbali wa nusu sentimeta hadi sentimeta tatu, ili umeme ufikie nyuzi nyingi kwa upole. Kisha tunawasha. Akisema mtekenyo uko kwenye paja ilhali maumivu yako kwenye unyayo, tunarudi nyuma na kuanza upya. Akisema, "Hapo, daktari, hapo hapo," tunauacha waya, tunavuta sindano, tunafunika kidonda na kubandika kifaa kidogo chenye betri juu ya ngozi. Mara nyingi kumwelekeza mgonjwa namna ya kuoga bila kulowesha kitambaa huchukua muda mrefu kuliko kuweka waya.

Baada ya hapo mgonjwa anakwenda nyumbani, na hapo ndipo majaribio mengi huharibika.

Kawaida iliyozoeleka ni kwamba maumivu yakipungua kwa asilimia 50 au zaidi, jaribio limefaulu. Mgonjwa hupewa kipimo cha sifuri hadi 10 aandike kila siku. Mimi namba hiyo siiamini ikiwa peke yake. Mtu aliyeteseka miaka minne, akawekewa kifaa cha kisasa na daktari mwenye bashasha, ataandika nne hata kama ni saba, kwa adabu au kwa matumaini. Mwingine ataandika nane ileile kwa kuwa alipohisi nafuu alikwenda kulima, na jioni mwili ukamdai. Kwa hiyo nawataka waandike mambo yanayoonekana: uliamka mara ngapi usiku? Mguu bandia uliuvaa saa ngapi? Ulifika sokoni au msikitini kwa miguu yako? Ulimeza vidonge vingapi vya akiba? Na naomba mwenzi au mtoto mkubwa naye aandike daftari lake bila kuchungulia la mgonjwa. Madaftari hayo mawili yakipishana, napata mengi ya kuwauliza.

Jambo jingine ni kutobadilisha dawa katika siku hizo. Ukiongeza kidonge na umeme kwa pamoja, nani apewe sifa? Wala usilale kitandani siku zote za jaribio ukijitunza kama yai. Jaribu maisha yako yale yale, ngazi zile zile, kiti kile kile cha ofisini, ila usiiname na kujinyonga kupita kiasi, maana waya ukisogea hata kidogo jaribio zima limepotea.

Je, ni umeme kweli au ni matumaini? Utafiti mmoja mzuri ulichapishwa mwaka 2019 kuhusu watu waliokatwa mguu. Kundi moja lilipata umeme, jingine lilivaa kifaa kilekile bila umeme. Katika wiki nne za kwanza, 7 kati ya 12 wenye umeme walipata nafuu ya nusu au zaidi, dhidi ya 2 kati ya 14 wa kifaa bandia. Nyaya zilikaa siku 60 zikatolewa, na mwaka mmoja baadaye 6 kati ya 9 waliofuatiliwa kwenye kundi la umeme bado walikuwa na nafuu ya kiwango hicho. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini ni watu wachache kiasi cha kujaa kwenye daladala moja. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, wenye watu 94 waliopandikizwa waya kwa maumivu ya neva, ulikuta asilimia 38 ya waliopata umeme waliitika, dhidi ya 10 kwa wasioupata, na hapo kuitika kulihesabiwa kuanzia nafuu ya asilimia 30. Soma namba hiyo pia kwa upande wa pili: zaidi ya nusu hawakufika. Na kwa ndugu wa tiba hii, umeme wa uti wa mgongo, watafiti wa Norway walionyesha mwaka 2022 kwamba kwa wagonjwa 50 waliobaki na maumivu baada ya upasuaji wa mgongo, aina moja ya umeme huo haikuwapa nafuu zaidi kuliko kifaa kilipokuwa kimezimwa.

Kisa cha aibu kuliko vyote kilitokea Marekani. Kampuni ya Stimwave iliuza kifaa cha umeme wa neva ambacho sehemu yake ya kupokea umeme ilikuwa ndefu mno kuingia vizuri kwenye miili ya baadhi ya wagonjwa. Badala ya kukiri hivyo, ilitengeneza kipande cha plastiki kinachofanana na ile sehemu, kisicho na shaba ndani wala kazi yoyote, kikapandikizwa kwenye miili ya watu ili madaktari waweze kudai malipo yake kwa bima. Mwaka 2024 mahakama ya New York ilimtia hatiani aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, akahukumiwa kifungo cha miaka sita. Kilichonikera zaidi ni hili: kwa miaka kadhaa plastiki hiyo ilikaa ndani ya watu bila mwili wala chati kupiga kelele. Tukitegemea hisia za jumla peke yake, hata plastiki hupata wafuasi.

Kwa anayefaulu jaribio kuna njia mbili. Ya kwanza ni waya wa muda, unaokaa hadi siku 60 kisha hutolewa kwa matumaini kwamba mfumo wa neva umetulia wenyewe. Ya pili ni kupandikiza waya wa kudumu chini ya ngozi, na umeme wake hutoka kwenye kifaa kinachovaliwa nje au betri iliyozikwa mwilini. Mimi humwelekeza mgonjwa kwenye ya kwanza inapowezekana, kwa kuwa kasoro zake ni ndogo: ngozi kuwasha, waya kusogea, na mara nyingine ncha ya waya mwembamba kukatikia ndani wakati wa kuvutwa. Njia ya kudumu huongeza uwezekano wa uambukizo, na kila kifaa huwa na masharti yake kuhusu kipimo cha MRI.

Gharama za vifaa hivi ni maelfu ya dola, kwa hiyo wagonjwa wengi wa kwetu hukutana kwanza na mjomba wao wa bei nafuu, mashine ya umeme iitwayo TENS kwenye chumba cha fiziotherapia, yenye pedi za kubandika juu ya ngozi. Nguvu zake huishia karibu na ngozi na nafuu yake hupungua punde pedi zikibanduliwa, lakini ijaribuni kabla ya kutafuta waya, kwa saa za kutosha na pedi zikiwa pande mbili za mahali panapouma. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asiiguse bila idhini ya daktari wake, na pedi zisiwekwe mbele ya shingo, juu ya tumbo la mjamzito, wala kwenye ngozi iliyokufa ganzi.

Wanaofunga safari ya matibabu kwenda India au kwingineko wakaahidiwa waya wa neva, nawaomba waulize mambo matatu kabla ya kulipa. Jaribio litachukua siku ngapi, na nitalifanyia hotelini nikiwa nimekaa tu au nikifanya shughuli zangu? Nyumbani ni nani atakayerekebisha mpangilio wa kifaa, na chaja ikiharibika nitaipata wapi? Na nitapewa kadi yenye jina, aina na namba ya kifaa? Kadi hiyo itunzwe pamoja na kadi ya bima. Siku utakapopelekwa hospitali ya wilaya ukiwa hujitambui, ndiyo itakayomwambia mtaalamu wa MRI asikuingize kwenye mashine kabla ya kuuliza, na mtu wa fiziotherapia asikuwekee mashine ya joto juu ya waya.