Seli za Henrietta Lacks na Neno 'Ridhaa'

Mwili wa binadamu hukua na kujitengeneza upya kwa seli, ambazo wengine huziita chembehai, kugawanyika. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kromosomu zake 46. Nakala hizo hujipanga katikati, kisha huvutwa pande mbili, na seli moja ikawa mbili zinazofanana. Seli za kawaida zikioteshwa maabara hugawanyika takriban mara 40 hadi 60 tu, kisha hukoma. Seli za saratani zaweza kuendelea bila kikomo.

Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mama mmoja Mmarekani Mweusi, Henrietta Lacks, alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Kipande cha uvimbe wake kilichukuliwa kwa utafiti bila yeye kuulizwa. Alifariki Oktoba mwaka huo akiwa na umri wa miaka 31. Seli zake, zilizopewa jina la HeLa, zinagawanyika hadi leo. Zilisaidia kupima chanjo ya polio katika miaka ya 1950. Familia yake haikujua lolote hadi miaka ya 1970, na mwaka 2023 ndipo ilipoafikiana na kampuni moja iliyonufaika nazo.

Je, jambo hili linatuhusu vipi sisi walimu wa Kiswahili? Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea tafsiri ya fomu ya ridhaa niikague. Mahali palipoandikwa kwamba damu itahifadhiwa na seli zake kuoteshwa kwa utafiti wa baadaye, yeye aliandika kwa ufupi: "Nakubali kupimwa damu." Kiswahili chake kilikuwa sanifu, lakini mgonjwa angetia sahihi jambo moja, na maabara ingefanya jingine.

Kupima, kuhifadhi na kuotesha ni vitenzi vitatu, na kila kimoja kinadai jibu lake. Vilevile tutofautishe 'idhini', yaani ruhusa, na 'ridhaa', yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelewa. Hapa kwetu, ambako kwa wengi Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu, heri sentensi iwe ndefu lakini ieleweke. Wanafunzi wa tafsiri, someni fomu zenu kwa sauti mbele ya mtu asiye daktari. Akishindwa kueleza alichokubali, basi bado hajaridhia.