Je, Wajua? Mama wa Kihindi na Kura Tatu

Je, wajua kwamba mmoja wa wanawake wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika alizaliwa India, akakulia Nairobi, akagombea Jimbo la Kaskazini akiwa mkazi wa Arusha?

Huyo ni Sophia Mustafa, mwaka 1958. Uchaguzi ule ulikuwa kituko: mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ukiacha nafasi moja wazi, kura yako imeharibika. Chama cha TANU kilijadiliana Tabora Januari 1958, kikakubali kushiriki, kikawaunga mkono Wazungu na Waasia walioafikiana nacho. Sophia alikuwa miongoni mwao.

Huko Mwanza, hali ya TANU ilikuwa ngumu zaidi, kwani Usukumani matawi yake yalikuwa yamefungwa kwa miaka kadhaa. Uchaguzi ulipofika Kanda ya Ziwa mwaka 1959, aliingia barazani mwanamke mwingine, Barbro Johansson, mwalimu Mswidi aliyefundisha wasichana Kashasha, Bukoba.

Sophia hakuishia kwenye siasa. Alisimulia safari ya uhuru katika The Tanganyika Way, kisha, akiwa ameshavuka miaka 70, akageukia riwaya: In the Shadow of Kirinyaga ilitoka mwaka 2002. Alifariki mwaka 2005.