Kijana anasomea kubuni bidhaa: ni kazi gani hiyo?



Katika mazungumzo yetu na jamaa zilizokimbia vita, kuna swali linalorudi mara kwa mara. Jamaa nyingi zina watoto au wadogo waliopelekwa Marekani kama wakimbizi. Kijana anapiga simu, anasema ameingia chuo cha jamii, anasomea kubuni bidhaa. Huku nyumbani watu wanaguna. Kwa nini si udaktari? Kwa nini si sheria? Wengine wanamwambia aache masomo, afanye kazi usiku na mchana, atume feza. Tumeona simu za namna hiyo zikileta ugomvi katika jamaa ambazo vita ilikwisha kuzitawanya. Kwa hiyo tunaeleza kazi yenyewe.

Tazameni chukudu. Haikuagizwa kutoka kiwanda chochote cha Ulaya. Ni mbao ngumu, magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi, na kipande cha mpira pale msukumaji anapoweka goti. Hicho kipande cha goti ndicho kinachoeleza kazi hii vizuri kuliko maneno yetu. Mtu alitazama mwili wa msukumaji, akaona unapoumia, akabadilisha kitu. Seremala hodari anatengeneza kiti ulichomwagiza. Mbunifu wa bidhaa anaanza nyuma zaidi: nani atakikalia, kwa muda gani, ana feza ngapi, na kikivunjika nani atakitengeneza?

Mfano mwingine ni jiko la makala la Kenya, lile la bati lenye udongo wa kuchoma ndani. Lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kufuata wazo la jiko la Thailand. Halikuigwa hivi hivi. Mafundi walijaribu, udongo ukapasuka, wakabadilisha umbo mpaka likawa na kiuno chembamba, na udongo ukabaki sehemu ya juu tu, penye makala. Linakula makala machache kuliko mbabula ya bati tupu. Mama anayenunua makala kwa kopo anajua maana yake, na anayetafuta kuni upande wa Virunga anajua zaidi.

Chuoni mwanafunzi anafundishwa njia hiyo hiyo kwa utaratibu. Anaanza na penseli, kuchora kitu kutoka pande zote. Halafu anachora kwa kompyuta. Anajifunza tabia za mbao, chuma na plastiki. Anatengeneza sanamu ya kitu kwa katoni au udongo, maana katoni ikikosewa haina hasara. Kisha anampa mtu akitumie, yeye mwenyewe akae kimya na kutazama. Hapo wengi wanashindwa, kwa sababu fundi anapenda kusifia kitu chake. (Sisi wa mashirika ya misaada nasi tungefaidika na somo hilo kabla ya kugawa vyombo kambini.)

Sasa tuseme wazi juu ya cheti. Chuo cha jamii huko Marekani ni cha ngazi ya chini ya chuo kikuu. Masomo kwa kawaida ni miaka 2 kwa anayesoma muda wote. Anayefanya kazi na kusoma jioni anachukua muda mrefu zaidi. Karo yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya chuo kikuu. Cheti chake hakifikii licence. Aliye nacho anaweza kutafuta kazi ya kuchora kwa kompyuta au kutengeneza mifano ya bidhaa, lakini waajiri wengi wanaotafuta mbunifu kamili wanadai shahada ya miaka 4. Kwa hiyo wengi hupita chuo cha jamii kwanza, halafu wanaingia chuo kikuu kumalizia.

Basi akipiga simu tena, msimwulize tu lini atatuma feza. Mwulizeni: ni chuo kikuu gani kitakubali kuhesabu masomo yako? Je, wamekuandikia? Masomo mengine hayahesabiwi, na mwanafunzi anajikuta anarudia na kulipa mara ya pili. Mwulizeni pia kama anatunza michoro na picha za kazi zake katika faili moja, kwa sababu mwajiri wa kazi hii hutaka kuona kazi kabla ya cheti.

Nao vijana walio hapa wanaweza kuanza bila karo. Kiongozi akikusanya vijana 6, wahamishwa 3 na wenyeji 3, wachague kitu kimoja kinachowasumbua wote, kwa mfano namna ya kubeba bidoni ya litre 20 juu ya mawe ya volkano. Kilo 20 ni zilezile kwa mtoto wa kambini na wa kijijini. Wawaulize kwanza wanaobeba, hasa wasichana. Katoni, kisu, kamba na penseli vinatosha kwa juma la kwanza.