Neno Kinyaa

Wanafunzi, mtu akifunua kapu la dagaa katika soko la Shinyanga, akakuta wameoza na mabuu yanatambaa ndani yake, hufanyaje? Hukunja uso, hutema mate, na kinywa chake hutoa sauti kabla hajapata kufikiri. Mswahili husema, "Kefule!" Mwingereza husema, "Yuck!" Neno hilo la Kiingereza ni la mazungumzo tu, wala si la zamani sana, lilianza kuonekana katika maandishi katika miaka ya 1960. Huenda asili yake ni kuiga sauti tu.

Kwa Kiswahili husema mtu huyo ameona kinyaa, na neno hili lina ukoo wake. Limetoka katika kitenzi kunya, ambacho maana yake ni kutoa kitu mwilini, au kuangusha. Ndiyo sababu wazee walisema, "Mvua inakunya," nasi twasema, "Mvua inanyesha." Neno kinyesi nalo ni ndugu yao. Basi kinyaa kwanza ni uchafu wenyewe. Tena ni lile chukizo tunaloliona mbele ya uchafu. Jina la kitu limekuwa jina la moyo ukikataao kitu hicho.

Msikidharau kinyaa, kwa kuwa ni mlinzi. Hutuzuia tusile kilichooza, wala tusiguse kinyesi, ambacho huweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu na mayai ya safura.

Lakini mlinzi huyu haoni kila adui. Huko Geita, wachimbaji wadogo wa dhahabu huchanganya zebaki na mawe yaliyosagwa, ili zebaki ishike chembe za dhahabu. Zebaki yang'aa kama fedha, haina harufu, wala hakuna aonaye kinyaa kuishika. Kisha huchomwa motoni, nayo hupaa kama mvuke usioonekana. Mtu akiuvuta mvuke huo siku nyingi, mikono yake hutetemeka, na kumbukumbu zake hupungua.

Basi kumbukeni: pua itawaonya juu ya dagaa waliooza, lakini juu ya zebaki haitasema neno. Hapo hapana budi elimu ishike zamu. Mtoto akiona zebaki inachomwa, na aondoke upesi. Wala asiichezee kamwe, hata iking'aa namna gani.